Tupeane uzoefu: usiku wa michezo ya ubao na marafiki, mnaudumishaje?

Mleta mada, Sakina, Arusha

Habari za jioni wakuu. Mimi na wenzangu watano tuna Alhamisi yetu. Saa moja na nusu usiku watu wanaanza kuingia, saa nne tunafunga ili wa Kijenge awahi usafiri. Tulianza na drafti la kuchora kwenye kipande cha plaiwudi, vizibo vya soda 12 kila upande, mmoja anavilaza kifudifudi, mwingine chali. Siku hizi tunacheza zaidi Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vibao vya herufi, tena kwa Kiswahili.

Hiyo niielezee kidogo, maana ndiyo iliyotushika. Seti tuliyo nayo ni ya Kiingereza. Ina vibao 100 vya herufi, lakini K ni moja tu na W ni mbili, huku E zikiwa 12. Utaandikaje kuku? Tukachukua Q na X, tukazibandika plasta nyeupe. Q ikawa K ya pili, X ikawa W ya tatu. Viambishi ruksa, mradi neno uweze kulisema mtaani na mtu akakuelewa papo hapo.

Wiki iliyopita mmoja kaweka LIMA. Wa pili akaongeza KU, ikawa KULIMA. Shemeji yangu akanyamaza muda mrefu, kashika kidevu, halafu akasogeza M moja tu mbele. MKULIMA! Tuliinuka wote tukampigia makofi. Nimesoma ngeli shuleni miaka mingi, lakini utamu wa kiambishi nimeuonja mezani pale.

Sasa shida. Tangu mvua za masika tunapungua. Mara msiba, mara safari, mara baridi ya mwezi wa sita. Msimamo wangu ni kwamba siku haihamishwi. Wakija wawili, ubao unafunguliwa kwa wawili. Tuliwahi kuihamishia Jumamosi "mara moja tu", tukakaa miezi mitatu hatujaonana. Ninyi mnafanyaje? Nauliza kwa sababu hawa watu nawapenda na sitaki tuje kukutana kwenye misiba tu.

Mchangiaji wa Pasua, Moshi

Mkuu, umenigusa. Kwetu ni bao, Jumapili jioni. Aliyetufundisha ni mzee mmoja jirani, alihamia huku kutoka Tanga na bao lake la mninga, mashimo 32, kete 64 za komwe. Sisi vijana tulikuwa tunajua bao la kujifunza tu. Yeye akatuanzisha upya: sita kwenye nyumba, yaani lile shimo kuu la kila mchezaji, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani yake, 22 zinabaki mkononi, unanamua, yaani unaziingiza ubaoni moja moja hadi ziishe, ndipo muingie mtaji, hatua ya kucheza kwa kete za ubaoni tu. Mimi nilikuwa na haraka ya kuivunja nyumba yangu. Hakunigombeza hata siku moja. Alikuwa ananila tu, polepole, mpaka nikajifunza kusubiri.

Mwaka jana miguu ikamgomea, akawa hatoki kitandani. Jumapili ya kwanza tulikaa kijiweni bila bao, kila mtu anaangalia simu yake. Ya pili tukamfuata. Tukaliweka bao juu ya kigoda pembeni ya kitanda. Mikono ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo alikuwa ananionyesha shimo kwa kidevu, mimi namsambazia kete zake, kisha nageuka kucheza za kwangu. Alinifunga hivyo hivyo, mara mbili. Mke wake alisema ndiyo siku aliyokula vizuri.

Sasa anatoka nje kwa fimbo, Mungu ni mwema. Kwa hiyo nakuunga mkono, siku isihame. Lakini mahali paacheni pahame. Asiyeweza kuja, mfuateni.

Dada wa Njiro

Sisi ni wanawake watano, Ijumaa, ludo. Mwanzoni palikuwa na maneno: mke wa mtu anatokaje usiku kwenda kurusha dadu? Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Marangu nikajua mambo yameharibika, maana zamu ilikuwa kwangu. Alikaa pembeni anamenya ndizi za mtori, hasemi kitu. Raundi ya pili nikamsikia: "Hiyo nyekundu si ungeitoa kwanza, mwanangu? Umepata sita unaipoteza." Raundi ya tatu ndizi zimewekwa chini na yeye kashika njano. Tangu arudi kwake, kila Jumamosi asubuhi ananipigia kuuliza nani kashinda.

Kinachotubeba sisi ni chakula. Kila mtu anakuja na chake, hata kama ni karanga za kukaanga. Mwenye nyumba akipika peke yake anachoka, akichoka anaanza visingizio, na huwezi kumlaumu.

Mchangiaji wa Sanawari

Niseme moja kwa uchungu. Msiweke pesa. Drafti letu lilianza kwa buku buku "kuchangamsha". Ikafika elfu kumi kwa mchezo. Siku moja mmoja kasema kete ilisogezwa alipokwenda chooni. Hao wawili walisimamiana harusi, na mpaka leo hawasalimiani. Tulipoanza tena, tukakubaliana anayefungwa anaosha vikombe vya chai. Mmoja wao alirudi, mwingine bado. Kiti chake tunakiacha.

Mchangiaji wa Usa River

Mie na jirani yangu tuko wawili tu, drafti, kila Jumatano. Nilikuwa naona aibu kuita huo ni usiku wa michezo. Nimesoma hapa, kesho namwalika na fundi wa baiskeli aliyeko mkabala nasi, huwa anatuangalia dirishani.

Mleta mada

Asanteni sana ndugu zangu. Mchangiaji wa Pasua, nimesoma habari ya mzee kwa sauti Alhamisi hii. Tulikuwa watatu, umeme umekatika, taa ya chaji katikati ya meza. Yule wa Kijenge hajaja wiki tano, mke wake kajifungua mapacha, na sisi tulikuwa tunamsubiri aje!

Nimempigia. Kasema tuje, ila tusipige kelele. Alhamisi ijayo tunakwenda kwake, na kama ulivyosema dada wa Njiro, kila mtu na chungu chake. Scrabble iko tayari kwenye begi. Nimehesabu vibao viko 99, kuna A moja imepotea. Nimeshainua makochi yote, sasa nahamia chini ya kabati.