Simu mbili usiku, gari moja: gari liende wapi, na nani aamue?

Mratibu_Usiku

Habari za kazi, ndugu zangu wa huduma za dharura.

Ninafanya kazi katika kituo cha uratibu wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, wazazi na watoto wachanga, yaani namba 115, katika mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa. Kwa wasioufahamu mfumo huu wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, mhudumu wa zahanati au ndugu wa mgonjwa hupiga simu bila malipo. Mratibu huuliza maswali yanayotokea kwenye programu, hupima uzito wa tatizo na kutambua kituo kinachofaa, kisha huita gari la wagonjwa, na likikosekana humwita dereva wa jamii, yaani mwenyeji mwenye gari lake binafsi, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kituo kilichompokea mgonjwa kuthibitisha kwamba amefika.

Swali langu linahusu pale ambapo maswali ya programu yamekwisha kujibiwa na uamuzi umebaki mikononi mwangu. Usiku huwa niko peke yangu. Hutokea, hasa wakati wa masika, simu mbili zikaingia kwa kupishana dakika chache: ya kwanza ni ya mama mwenye uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama njiani wakati wa kuzaliwa, na ya pili, kutoka upande mwingine wa wilaya hiyohiyo, ni ya mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua. Wakati huo gari limekwisha kuondoka kumfuata yule wa kwanza, na dereva wa jamii wa upande wa pili hapokei simu. Je, niligeuze gari njiani?

Wenzangu wa zamu nyingine wamegawanyika. Wapo wanaosema aliyetangulia kupiga ahudumiwe kwanza, kwa kuwa ahadi imetolewa na ndugu wamekwisha kumbeba mgonjwa hadi barabarani. Wapo wanaosema damu haisubiri. Naomba kujua kwenu mnaamua vipi, nani ana mamlaka ya kuligeuza gari, na mnaishi vipi na uamuzi wa namna hiyo zamu inapokwisha.

Mswahili_Leeds

Dada Mratibu, pole na kazi. Mimi ni mtu wa Tanga, lakini kwa sasa nagawa magari katika chumba cha simu cha huduma ya ambulensi huku England, na nitaeleza utaratibu wa huku bila kudai kwamba unahamishika kama ulivyo.

Hapa anayezungumza na mpiga simu si yeye anayegawa magari. Mpokeaji simu anauliza, nami kwenye meza nyingine naona majibu yake yakiingia kwenye skrini, kiasi kwamba gari linaweza kuondoka kabla mazungumzo hayajaisha, mradi tumekwisha kujua kama mgonjwa anapumua na kama ana fahamu. Simu hupangwa katika madaraja manne. Lengo la daraja la kwanza, ambalo ni la hatari ya kifo papo hapo, ni kufika kwa wastani wa dakika 7, na la pili ni dakika 18. Kuligeuza gari linaloelekea kwa mgonjwa wa daraja la chini ili limfuate wa daraja la juu ni jambo la kila siku. Sihitaji kumwamsha mkubwa yeyote. Lakini kugeuza kunakuja na wajibu: mgonjwa aliyeachwa apigiwe simu, aelezwe wazi kwamba gari lake limechukuliwa, na aulizwe maswali upya, maana hali yake inaweza kuwa imebadilika tangu alipopiga mara ya kwanza.

Nisije nikawapambia mambo ya Ulaya. Mgonjwa akifikishwa hospitali anapaswa kukabidhiwa ndani ya dakika 15, lakini wakati wa baridi magari hupanga foleni nje ya milango ya wagonjwa wa dharura kwa saa kadhaa, wahudumu wakiwa ndani yake pamoja na wagonjwa wao. Kwenye skrini yangu magari yanaonekana mengi. Ya kutuma hayapo. Kwa hiyo ukiniuliza lipi lianze, kuongeza gari au kuongeza mtu wa pili mezani pako usiku, nitaanza na mtu. Wewe unaombwa kuwa mpokeaji simu, mgawaji magari na mshauri wa kitabibu kwa wakati mmoja, na hakuna kanuni ya kugeuza gari itakayotibu hilo.

Mkunga_Zahanati

Nimekuwa upande wa pili wa simu hiyo kwa miaka mingi, kwa hiyo nitasema kwa kirefu kidogo.

Kuhusu nani atangulie, sisi wakunga tulifundishwa wastani wa muda kati ya tatizo kuanza na kifo endapo mama hapati matibabu: damu baada ya kujifungua ni kama saa 2, damu kabla ya kujifungua saa 12, kifafa cha mimba siku 2, uchungu pingamizi siku 3, uambukizo siku 6. Kwa hesabu hiyo anayetokwa na damu anatangulia. Hata hivyo ni wastani wa mama, wala hausemi lolote juu ya mtoto aliyebanwa njiani, na mama mwenye uzao wa tano au aliyewahi kupasuliwa anaweza kupasuka mfuko wa uzazi muda mrefu kabla siku hizo hazijatimia. Ukimuuliza mkunga wa zahanati maswali mawili tu, uzao wa ngapi na kama ana kovu, utajua kama huyo wa kwanza kweli anaweza kusubiri. Naye wa pili asisubiri gari mikono mitupu: oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), dripu, kibofu kitolewe mkojo, mfuko wa uzazi ukandwe, na ikibidi ubanwe kwa mikono miwili njia nzima hadi hospitali. Mratibu anayemwambia mkunga mwenzake "endelea kukanda, usikate simu" amekwisha kuanza kumhudumia mgonjwa kabla gari halijawashwa.

Sasa niseme lile ambalo nadhani linasahauliwa kila tunapozungumzia magari. Ni nani anayeubana huo mfuko wa uzazi ndani ya gari? Ni mimi. Zahanati yetu ina wahudumu wachache mno, na usiku aliye kazini ni mmoja. Nikimsindikiza mgonjwa nimeifunga zahanati. Nisipomsindikiza nimemkabidhi mtu anayevuja damu kwa dereva na mama mkwe. Mara zote huwa nasindikiza. Nikishamkabidhi mgonjwa hospitali, gari la wagonjwa linapewa safari nyingine papo hapo, nami nabaki mjini alfajiri nikitafuta usafiri wa kurudi kijijini kwa fedha yangu, wakati akina mama wa kliniki wamekaa kwenye benchi wakinisubiri. Katika kupanga zamu, safari ya rufaa ihesabiwe kwamba imechukua gari pamoja na mtumishi mmoja, tena kwenda na kurudi.

Afande_Boza

Ninatoka Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, upande wa namba yetu ya dharura, 114. Dharura zetu si za aina moja na zako, dada, lakini shida ya gari moja tunaifahamu vizuri.

Kwetu gari halitoki wala haligeuzwi bila ofisa wa zamu kuamua, na uamuzi huo huandikwa kwenye kitabu cha matukio pamoja na saa na sababu. Wengine huuona uandishi huo kuwa urasimu. Mimi nauona kuwa ngao, kwa sababu wiki mbili baadaye, malalamiko yatakapofika kwa mkuu wa wilaya, hakuna atakayekumbuka kwamba simu ya kwanza ilisema "jiko linafuka moshi" na ya pili ikasema "kuna watoto ndani". Nakushauri uombe jina na namba ya daktari wa zamu mwenye mamlaka ya kuligeuza gari, kisha uandike: saa hii, kwa sababu hii, kwa idhini ya fulani. Asipopokea, andika kwamba hakupokea, halafu amua mwenyewe.

Jambo la pili ni mahali. Tangu zoezi la Anwani za Makazi la 2022 nyumba nyingi zina namba na mitaa ina vibao, lakini mtu ambaye nyumba yake inaungua hakutajii namba. Anakuambia "njoo hapa karibu na msikiti", kana kwamba mji una msikiti mmoja. Tunawafundisha wapokeaji simu wasikubali alama moja, waulize ya pili, tena wamtake mpigaji atume mtu barabarani kuu kulisimamisha gari.

Msiwadharau watu wa palepale pia. Ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliotangulia kuifikia kwa mitumbwi yao. Watu 24 walinusurika na 19 walifariki. Dereva wa jamii ana nafasi ya namna hiyo katika mfumo wenu, kwa hiyo ningekushauri upige simu zako za kumtafuta yeye kabla hujafikiria kumgeuza mwingine.

Dereva_Noah

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mmoja wa hao madereva wa jamii, na nimesoma maelezo yenu yote kwa makini.

Dada anasema dereva hapokei simu. Nakubali kwamba hutokea, lakini naomba sababu zijulikane. Huku kwetu mtandao unakamata juu ya kilima, si nyumbani. Ninapolala simu huiweka dirishani, na mvua ikinyesha sana hata hapo dirishani haisaidii. Mngekuwa na namba ya pili, ya mke wangu au ya jirani, mngenipata. Pia gari langu halina king'ora, halina kitanda, na viti vyake natandika nailoni kabla ya kuondoka, kwani asubuhi natakiwa kupakia abiria. Sikatai safari kwa ajili ya damu. Nakataa pale ninapoambiwa nimchukue mgonjwa peke yake bila muuguzi. Mama akizidiwa njiani mimi ninaendesha, siwezi kugeuka nyuma.

Nina swali moja juu ya hili la kugeuzwa. Ikiwa nimekwisha kuendesha nusu ya safari kwa mafuta yangu, halafu naambiwa niende upande mwingine, ile nusu ya kwanza nani anailipa, wakati malipo yanatoka mgonjwa akithibitishwa kufika? Kama jibu halipo, mtashangaa kwa nini madereva wanazima simu.

Pwani_Dharura

Hamjambo nyote. Kwa upande wetu Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na tangu ugatuzi wa 2013 ambulensi za umma ziko chini ya kaunti. Katiba ni nzuri, ila gari ni lilelile moja. Katika kaunti niliyofanyia kazi, shida yetu kubwa haikuwa kuligeuza gari bali kulikuta: chumba cha simu kiliamini liko kituoni, kumbe limepeleka chanjo, au limeenda kumchukua afisa kwenye mkutano, au liko pale lakini tangi halina mafuta na mwenye kadi ya mafuta amelala kwake. Tulianza kuwapigia madereva wote mwanzoni mwa kila zamu, tukiuliza uko wapi, mafuta kiasi gani, unatoka saa ngapi. Simu hizo chache zilitusaidia kuliko kifaa cha kufuatilia magari, ambacho kilituonyesha gari liko wapi bila kutuambia kama linaweza kuondoka.

Mratibu_Usiku

Nawashukuru nyote. Kaka Dereva, swali lako la mafuta ni la haki na sitalijibu kwa kubahatisha. Nitalipeleka kwenye kikao cha timu ya afya ya mkoa pamoja na hilo la namba ya pili ya simu, ambalo sioni kwa nini lisubiri kikao. Afande, jina la daktari mwenye mamlaka ya kuligeuza gari nitaliomba kwa maandishi. Dada Mkunga, nauli ya kurudi ya msindikizaji sikuwahi kuisikia ikitajwa katika vikao vyetu hata mara moja, nami nitaitaja.

Nimebaki na moja. Nikishaligeuza gari na kuchagua kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji kilicho karibu zaidi, nitajuaje kwamba usiku huo chumba hicho kinafanya kazi? Imetokea mgonjwa akafikishwa haraka, kisha akaanza safari ya pili ya rufaa kutoka hapo.

Na lile swali la kuishi na uamuzi, naona wengi wamelikwepa kwa adabu.

Afande_Boza

Hatukulikwepa, dada. Sisi baada ya tukio baya hukaa pamoja kituoni kabla ya kwenda nyumbani, tukasimuliana lilivyokuwa, hata kama ni robo saa. Wewe unayekaa peke yako huna wa kukaa naye, na kinachokuumiza zaidi pengine ni kutojua mgonjwa aliishia wapi. Piga simu wodini kesho yake uulize. Jibu likiwa baya litakuuma, lakini utalala ukijua ni lipi lililotokea badala ya kulala na yote mawili.

Mkunga_Zahanati

Kuhusu chumba cha upasuaji, mwanzoni mwa zamu uliza mambo matatu kwa kila kituo unachoweza kupeleka mgonjwa: umeme au jenereta, damu ya makundi gani ipo kwenye friji, na mtaalamu wa usingizi. Huyo wa mwisho mpigie yeye mwenyewe. Ukiuliza mapokezi watakuambia yupo, kwa sababu jina lake liko kwenye ratiba ubaoni.