Naomba ushauri: filamu ya vijana wanaozunguka mjini usiku

Habari zenu wadau. Natengeneza filamu fupi ya maisha halisi kuhusu vijana wanne wanaotembea mjini kuanzia saa tano usiku hadi alfajiri. Shida ya kwanza ni mwanga. Narekodi fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) sekunde 1/50, lenzi ya f/1.8 inayoingiza mwanga mwingi, lakini nikipandisha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) hadi 6400 giza lote linajaa chengachenga. Nikiwasha taa ndogo ya LED picha inatulia, ila vijana wanabadilika: sauti zinashuka, kila mtu anaanza kuigiza. Bora chenga, nadhani. Au nakosea?

Linaloninyima usingizi hasa ni jingine. Juzi walipanda jengo ambalo halijamalizika, wakakaa ukingoni miguu ikining'inia, wakipokezana simu moja yenye kioo kilichopasuka. Nimerekodi yote, na ndicho kipande kizuri kuliko vyote. Lakini hatukuwa na ruhusa ya kuingia, na mmoja wao ana miaka 17. Mama yake alisaini fomu ya kurekodiwa, hakusaini ya kupanda maghorofa.

Nikitumie, nimfiche sura, au nikifute kabisa? Mliowahi kukutana na hili, mlifanyaje?