Gari mpya inavuta kushoto, muuzaji anasema "utaizoea". Hapana!

Assalaam aleikum wanajukwaa,

Jibu hili limetuchosha. Mtu kalipa pesa zake, gari mpya, nailoni bado zipo vitini. Anaitoa yadi hapa Mjini Unguja, akifika barabara ya uwanja wa ndege akilegeza mikono kidogo tu, gari inahamia kushoto. Akirudi kwa aliyemuuzia anaambiwa mambo matatu: barabara zetu zimelala, matairi mapya bado hayajatulia, utaizoea. Hakuna anayetoka ofisini na geji ya upepo wa matairi. Hakuna anayefungua kitabu cha gari. Wanamrudisha nyumbani na hitilafu inayopimika kwa namba, na baadaye matairi ya mbele yakishaliwa upande mmoja wanamwambia matairi hayamo kwenye waranti. Huu ni uonevu, na unaendelea kwa sababu wateja wengi hawajui pa kuwabana. Basi tuwabane.

Tuanze na kisingizio cha barabara, maana ndicho wanachokipenda. Ni kweli barabara ya lami hujengwa na mgongo katikati ili maji ya mvua yashukie pembeni. Mteremko wake huwa asilimia 2 hadi 3, yaani sentimita 2 au 3 kwa kila mita 1 ya upana. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo hata gari nzima kabisa itateremka kushoto, lakini taratibu. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unakata mita 100 kwa sekunde 6. Ikiwa ndani ya mita hizo gari imeshatoka njia yake, au inakulazimisha kushikilia usukani kwa nguvu muda wote, huo si mgongo wa barabara.

Halafu watakwambia "geuza urudi uone". Kugeuza hakuondoi mgongo wa barabara. Ukirudi pia uko kushoto, na mteremko bado uko mkono wako wa kushoto. Kinachobadilika ni upepo unaovuma tu. Kusi likivuma kwa nguvu kwenye barabara ya wazi, gari itasukumwa kulia ukienda na kushoto ukirudi, au kinyume chake. Ikivuta upande ule ule kote kuwili, upepo umetoka kwenye hesabu. Ukitaka kutenganisha gari na barabara, tafuta kiwanja kikubwa cha lami au zege kilichosawazishwa, kisicho na watu, uende mwendo wa 30 hadi 40. Na gari inayovuta kulia hapa kwetu haina kisingizio hata kimoja, kwa sababu inavuta kwa kupanda mgongo wa barabara.

Kama gari yako ina kamera ya kufuata mistari ya barabara, izime kwanza. Ule mfumo huusukuma usukani wenyewe, na unaweza kukupoteza kabisa.

Sasa upepo wa matairi. Gari mpya mara nyingi husafirishwa matairi yakiwa yamejazwa kupita kiasi, ili yasipate bapa kwa kukaa muda mrefu melini na yadi. Kabla ya kukabidhiwa mteja, mtu anatakiwa ayapunguze yote manne hadi kipimo cha kiwanda. Kipimo hicho kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwa gari nyingi ndogo ni kPa 220 hadi 240, yaani psi 32 hadi 35. Pima asubuhi kabla ya kuendesha, au gari ikiwa imekaa saa 3 na zaidi, na utumie geji moja kwa matairi yote. Tofauti ya psi 5 au 6 kati ya tairi la mbele la kushoto na la kulia inatosha kuivuta gari, nayo itakwenda upande wenye upepo mdogo. Kazi hii ni ya dakika chache, na hata hiyo hawaifanyi.

Upepo ukiwa sawa na gari bado inavuta, USIKIMBILIE MASHINE YA ALAIMENTI, yaani ya kupima na kupanga mkao wa magurudumu. Hapa ndipo watu wanapoliwa pesa. Hatua inayofuata ni kubadilishana matairi ya mbele: la kushoto liende kulia, la kulia lije kushoto, na rimu zake. Sababu ni hii. Ndani ya tairi la rediali kuna mikanda ya waya wa chuma. Mkanda ukikaa pembeni kidogo kiwandani, tairi linabingirika kama koni na kuvuta upande mmoja. Kasoro hiyo huioni kwa macho, haina mtikisiko, na kwenye mashine ya balansi tairi linapita vizuri kabisa. Kwa hiyo fundi anayesema "tairi jipya haliwezi kuwa na tatizo" hajui anachokisema.

Legeza nati gari ikiwa chini, piga jeki mahali palipoonyeshwa kwenye kitabu, badilisha, kaza nati kwa kukingamana. Kwa Toyota nyingi ndogo mkazo ni Nm 103, na gari nyingine angalia kitabu chake. Kisha rudi barabara ile ile kwa mwendo ule ule. Uvutaji ukihamia upande wa pili, au ukipotea, mkosaji ni tairi. Muuzaji akupe jingine. Ukiwa bado unabishana naye, matairi hayo mawili yapeleke nyuma na ya nyuma yaje mbele, ambapo tatizo kwa kawaida hupungua sana. Kama gari inavuta vile vile bila mabadiliko, matairi yamesafika. Wenye matairi yenye mshale wa mwelekeo wanaweza kufanya jaribio hili kwa mwendo mfupi, barabara kavu, kisha wayarudishe.

Sasa ndiyo alaimenti, na hapa nina hasira zaidi, kwa sababu kinachouzwa kwa jina hilo gereji nyingi ni kukaza na kulegeza tairodi basi, zile fimbo zinazogeuza matairi ya mbele. Kazi hiyo hurekebisha tou, yaani matairi kuangaliana ndani au nje ukiyatazama kutoka juu. Tou mbaya ya mbele inakula matairi na inapindisha usukani, lakini kwa kawaida HAIVUTI GARI, maana matairi mawili ya mbele hugawana kosa hilo na gari ikaenda mbele. Kwa hiyo tofautisheni: usukani umekaa upande ila gari inakwenda sawa, hiyo ni tou ya mbele au ekseli ya nyuma iliyokaa mshazari. Usukani uko sawa, lakini ukiuachia gari inahama, tafuta kwingine.

Kwingine ni kemba na kasta. Kemba ni tairi kuinamia ndani au nje ukilitazama kutoka mbele. Kasta ni mhimili wa kugeukia tairi kulala nyuma ukiutazama kutoka ubavuni. Gari huvuta upande ambao tairi limeinamia nje zaidi, na huvuta upande wenye kasta ndogo. Kinachovuta ni tofauti ya kulia na kushoto, wala si namba ya upande mmoja. Toyota nyingi ndogo vitabu vyake vya gereji vinataka tofauti hiyo isizidi digrii 0.75. Mashine lakini huonyesha kijani kila upande peke yake: kushoto ikiwa juu kabisa ya kiwango na kulia chini kabisa, zote kijani, tofauti digrii 1.5, gari inavuta, na fundi anakuonyesha karatasi akisema iko sawa! Toa kalamu ufanye hesabu ya kutoa pale pale mbele yake.

Daini karatasi yenye namba za kabla na za baada. Na simama uangalie. Kasta hupimwa kwa kugeuza matairi kushoto na kulia juu ya sahani zinazozunguka, breki ikiwa imebanwa. Kama fundi hakugeuza usukani kushoto na kulia, kasta hakuipima, iwe imeandikwa nini kwenye karatasi.

Kemba ya mbele kwenye gari ndogo nyingi inasogezwa kwa boliti maalumu nyembamba zaidi zinazofungwa chini ya shokapu. Kasta kwa kawaida haina pa kurekebishia. Ikizidiana kwa digrii 1 kwenye gari mpya, kuna kitu kimepinda au krosimemba (chuma cha mtambuka chini ya gari) imehama, yaani gari imepata kipigo njiani: imegonga ukingo, imeshushwa vibaya, au mnyororo umefungwa kwenye amu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu) na kukazwa kupita kiasi. Hapo kitu kipya kifungwe. Wakitaka kunyoosha amu kwa moto, kataa katakata. Chuma kile kikishapashwa moto nguvu yake imeharibika, nacho ndicho kinachoshika gurudumu lako.

Breki nisiziache. Gari imekuja kwa bahari, ikakaa yadi kwenye hewa ya chumvi, pini za kalipa (kibano cha breki) zikaganda na pedi moja ikabaki imebana. Endesha kilomita 10 bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na rimu za mbele bila kugusa. Upande mmoja ukiwa na joto kali kuliko wa pili, umepata jibu. Thibitisha kwa jeki, giya ikiwa nyutro: gurudumu lizunguke kwa mkono bila kuganda. Pini zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya breki inayostahimili joto, si grisi ya beringi, ambayo huvimbisha raba.

Na ikivuta pale tu unapokanyaga breki, achana na mashine ya alaimenti, tazama kalipa na mpira wa breki wa upande UNAOKWENDA KINYUME na mvuto, maana ndio usioshika vizuri.

Kwa muuzaji nenda na maandishi: tarehe, kilomita zilizosomeka, upepo wa kila tairi, matokeo ya kubadilisha matairi, karatasi ya alaimenti. Nakala moja asaini, ubaki nayo. Soma waranti mapema, kwani marekebisho kama alaimenti mara nyingi hulipiwa muda mfupi kuliko injini, na anayekwambia "utaizoea" anakusubirisha muda huo upite. Akikataa, ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ya Zanzibar, malalamiko ya mlaji ni kazi yake.

———

spana_kumi_na_nne:
Umesema kweli tupu. Ongeza hili: usukani ukikaa upande, wapo mafundi wanaoung'oa na kuurudisha meno mawili matatu ili uonekane umenyooka. Msikubali. Gari za sasa zina sensa ya kusoma pembe ya usukani, ukiuhamisha kienyeji kompyuta inaamini gari inakata kona wakati iko barabara nyoofu, na mfumo wa kuzuia kuteleza unaweza kuingilia pasipo sababu. Usukani hunyooshwa kwa tairodi zote mbili, huku na huku kwa kiasi sawa. Halafu wenye usukani wa umeme: kama upepo, matairi, kemba, kasta na breki vyote viko sawa, nukta ya sifuri ya usukani iwekwe upya kwa kompyuta ya gari husika. Isiwe hatua ya kwanza lakini, maana inaficha tatizo la chuma.

mtu_wa_wete:
Sisi wa Pemba tukiambiwa "ilete gari Mjini tuitazame" maana yake ni meli, nauli ya gari na siku za kazi kupotea, halafu huko unaambiwa barabara. Kemba tunaweza kuipima wenyewe hapa kabla ya kuvuka?

Mwanzisha uzi:
Mnaweza, kaka, kwa timazi ya mwashi. Weka gari kwenye sakafu ya zege, matairi yakiangalia mbele sawasawa, upepo sawa, isiwe na mzigo. Isukume mbele na nyuma kidogo springi zikae. Ning'iniza timazi mbele ya katikati ya gurudumu, pima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu juu, kisha chini. Kwa rimu ya inchi 14 au 15, tofauti ya milimita 7 hivi ni digrii 1. Andika kushoto na kulia.

Sakafu karibu zote zina mwinamo, na mwinamo huo unaongeza upande mmoja na kupunguza wa pili. Kwa hiyo igeuze gari ielekee ilikotoka, magurudumu ya mbele yasimame pale pale yaliposimama mwanzo, upime tena. Kwa kila gurudumu chukua wastani wa vipimo viwili. Ukibaki na tofauti ya milimita 5 na zaidi kati ya kushoto na kulia, mwandikie muuzaji namba hizo, picha za rula zikiwa zimeambatishwa, na umtake alipe nauli ya gari kwenda na kurudi kabla hujaipakia. Na siku ya kuvuka, simamia mabaharia wanapofunga: mkanda upite kwenye gurudumu au kulabu ya kuvutia gari, usipite kwenye amu wala tairodi.