Naomba ushauri: nilipe kodi mpya Sakina au nihamie Kisongo?

Ndugu zangu, nimepanga chumba na sebule hapa Sakina, Arusha, kwa miaka minne. Mwezi uliopita mama mwenye nyumba alinipandishia kodi kutoka shilingi 120,000 hadi 180,000 kwa mwezi, tena akitaka ya miezi sita kwa mkupuo, ilhali umeme wa Luku (mita ya malipo ya kabla) bado tunachangia wapangaji watano na maji ya bomba hutoka usiku wa manane. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwamba watu wanaotafuta vyumba ni wengi.

Kwa hilo simbishii, maana sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha, na ile ya 2022 ikahesabu 617,631. Wapo wanaowalaumu wageni kutoka nje ya nchi, lakini wapangaji wenzangu wote wametoka Singida, Babati na Karatu.

Je, nilipe, au fedha hiyo niianzishie malipo ya kiwanja Kisongo? Aliyekwisha kuhamia huko anieleze nauli na foleni ya asubuhi vinamgharimu kiasi gani, na kabla ya kulipa alihakikishaje kwamba muuzaji ndiye mwenye eneo.