Tovuti ya usiku wa taarabu: maelezo yote yapo, lakini watu bado wananipigia simu

MwanaChumbageni
Wakuu, habari za leo. Nimetengeneza tovuti ya usiku wa taarabu unaoandaliwa na akina mama wa mtaani kwetu hapa Tanga, huu ni mwaka wa pili. Siku, ukumbi, kiingilio, vyote vimo. Lakini simu yangu haipoi: "Mwanangu, ni lini? Wapi? Shilingi ngapi?" Wengine wanapiga na tovuti wameshaifungua.

Juu kabisa nimeweka bango, waimbaji na magauni yao ya kijani, na maelezo yameandikwa humohumo kwenye picha. Inafuata historia ya kikundi, picha za mwaka jana, na mwisho kabisa kitufe cha tiketi.

Kinachoniuma zaidi ni mambo mawili ya mwaka jana. Mama mmoja alilipa mara mbili kwa simu, tukahangaika siku tatu kumrudishia hela yake. Na shangazi yangu alibonyeza "Weka kwenye kalenda", simu ikamwamsha saa nane usiku, akaamka anatetemeka akijua ni taarifa ya msiba. Onyesho lilikuwa saa mbili usiku! Nirekebishe wapi?

FundiKiolesura
Bango limechorwa libandikwe ukutani. Likifinywa kwenye skrini ya simu, maandishi yanakuwa madogo kama chembe za mchanga, tena picha nzito inakula bando kabla mtu hajajua hata tarehe. Anza na maandishi ya kawaida: siku, saa, ukumbi, kiingilio, na kitufe cha tiketi hapohapo chini yake. Bango lishuke, usilifute, akina mama wamelitolea jasho.

Kitufe kiwe kikubwa. Apple wanashauri kisipungue pointi 44 (kipimo cha ukubwa kwenye skrini) kila upande, Android wanasema 48 kwa kipimo chao, kwa sababu kinabonyezwa na kidole gumba. Na kama umeandika kwa kijivu juu ya nyeupe, acha. Mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti duniani, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na huyo anayesoma yuko juani kituo cha daladala.

Kuhusu kulipa mara mbili, yule mama hana kosa. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, alipochapisha kanuni zake 10 za kiolesura (sehemu ya mfumo ambayo mtu anaiona na kuibonyeza) mwaka 1994, ya kwanza ilikuwa kwamba mfumo umjulishe mtumiaji kinachoendelea. Alibonyeza, hakuna kilichobadilika, akabonyeza tena. Kitufe kikibonyezwa kizimike na kiandike: "Subiri, weka namba ya siri kwenye simu yako." Na upande wa seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, oda moja isipokee malipo mawili.

GetiniMombasa
Ndugu yangu, hilo la shangazi ni la saa yetu ya Kiswahili. Wewe uliandika 2:00, kalenda ikaelewa 02:00, ambayo kwetu ni saa nane usiku. Kwenye msimbo wa tovuti weka 20:00, kwenye ukurasa andika "Jumamosi, saa 2 usiku (20:00)". Mwezi uandike kwa jina lake pia, kwani 5/6 kuna atakayeisoma Mei.

Mimi nakagua tiketi mlangoni. Watu husimama wakipekua meseji za ofa huku foleni ikirefuka nyuma yao. Mtu akishalipa, mpe ukurasa wenye namba ya tiketi kwa tarakimu kubwa, na umwambie aupige picha ya skrini. Ukumbini mtandao huwa mzito.

MwanaChumbageni
Asanteni sana. Nimeyafanya yote jana, kisha nikampa shangazi simu bila kumwambia neno. Amesoma kwa sauti: Jumamosi, saa mbili usiku, ukumbi, elfu kumi. Kitufe amekiona mwenyewe. Halafu akauliza, "Na sisi wenye magoti mabovu, kuna ngazi?"

Hilo sikuliandika popote. Naongeza mstari sasa hivi: ukumbi uko chini, hauna ngazi, na viti vya safu ya mbele ni vya wazee.