Shahada ya urubani au leseni kwanza: kijana aanzie wapi?

Mama Baraka, Mwanza

Habari zenu wanajukwaa. Mwanangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, na matokeo yake ni mazuri. Tangu akiwa darasa la nne hajataja kazi nyingine isipokuwa urubani, nami sioni sababu ya kumkatisha tamaa. Kinachonisumbua ni kwamba kila ninayemuuliza ananielekeza njia yake: wapo wanaosema atafutiwe chuo kikuu cha nje kinachotoa shahada ya urubani, na wapo wanaosema shahada ni kupoteza fedha, aende moja kwa moja shule ya urubani Nairobi au Afrika Kusini akapate leseni. Marehemu baba yake alituachia kiwanja Buswelu, nacho ndicho ninachokusudia kukiuza. Kwa kuwa kiwanja hakiuzwi mara mbili, naomba ushauri wa watu wanaoifahamu kazi hii kwa undani.

Mkufunzi wa Wilson

Mama Baraka, salamu kutoka Nairobi. Nafundisha urubani katika Uwanja wa Wilson, na jambo la kwanza ninalowaambia wazazi ni kwamba shahada na leseni ni vitu viwili vinavyotolewa na watu wawili tofauti. Shahada hutolewa na chuo. Leseni hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga, kwenu TCAA na kwetu KCAA, na ndiyo inayomruhusu mtu kulipwa kwa kurusha ndege. Kijana mwenye shahada bila leseni haruhusiwi kukalia kiti cha rubani, ilhali mwenye leseni bila shahada anaruhusiwa.

Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni ya rubani wa biashara inataka umri usiopungua miaka 18 na saa 200 za kuruka, ambazo hushuka hadi 150 iwapo mwanafunzi amesoma kozi ya mfululizo iliyoidhinishwa na mamlaka. Kwa anayefuata njia ya saa 200, saa 100 lazima awe yeye ndiye kamanda wa ndege, na mojawapo ya safari zake iwe ya kilomita 540 au zaidi, akitua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Safari hiyo ndiyo inayonionyesha mwanafunzi ni mtu wa namna gani, kwa sababu humo anapima upepo, anahesabu mafuta na anaamua peke yake kama wingu lililo mbele ni la kulizunguka au la kurudi nyuma. Wilson yenyewe ni mwalimu mkali: uwanja uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mchana wa joto ndege ndogo yenye watu wawili na matangi yaliyojaa hupanda polepole kiasi cha kumshangaza aliyezoea viwanja vya pwani.

Ushauri wangu ni leseni kwanza. Hata hivyo, mama, usiuze chochote kabla kijana hajapimwa na kupewa cheti cha afya cha daraja la kwanza na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka. Nimeona familia zikilipa karo, kisha jicho au moyo ukakataa.

Rubani msaidizi, Dar es Salaam

Shikamoo mama. Ninamheshimu Mkufunzi, lakini katika suala la shahada natofautiana naye kidogo. Mimi nilisoma shahada Marekani, ambako chuo kikuu hufundisha darasani asubuhi na mchana mwanafunzi huyohuyo akaenda kuruka. Huko shahada ina uzito wa kisheria: tangu mwaka 2013 rubani msaidizi wa shirika la abiria anatakiwa kuwa na saa 1,500, lakini mhitimu wa shahada ya urubani katika chuo kilichoidhinishwa anaweza kuanza na saa 1,000. Nafuu hiyo, hata hivyo, inamfaa mwenye haki ya kufanya kazi huko. Niliporudi nyumbani nilifanya mitihani tena na kupimwa afya upya ili nipewe leseni ya hapa, na hakuna aliyeniuliza saa zangu zilipunguzwa na chuo gani.

Faida ya shahada niliiona mwaka 2020, ndege zilipokaa chini kwa sababu ya korona. Wenzangu wenye leseni pekee walirudi kwao kusubiri, nami nikapata nafasi katika kitengo cha usalama cha mwajiri wangu, kazi iliyotaka mtu aliyesomea usimamizi wa anga. Kwa hiyo, mama, kama fedha za kiwanja zinatosha kitu kimoja tu, chagua leseni. Shahada anaweza kuisoma akiwa kazini.

Mzazi mwenzio, Arusha

Dada yangu, naongeza jambo moja lililotuumiza sisi. Tulilipa karo yote kwa mkupuo kwa sababu tuliahidiwa punguzo. Shule ilikuwa na ndege mbili za mafunzo. Moja ikaharibika injini, na kijana wetu akakaa miezi kumi na moja akisubiri zamu. Asiporuka kwa muda mrefu mkono husahau, hivyo saa nyingine zikaliwa na kurudia mazoezi aliyokwisha kuyafaulu, nazo tulizilipia. Nenda mwenyewe ukazihesabu ndege zinazoruka, uulize kila moja ina wanafunzi wangapi, na ulipe kwa hatua: leseni ya rubani binafsi kwanza, kisha inayofuata. Mafuta ya ndege hizi ndogo si yale ya ndege za jeti, na bei yake ikipanda gharama ya saa moja hupanda pia, kwa hiyo weka akiba.

Mama Baraka, Mwanza

Nawashukuru sana, Mungu awabariki. Nitaanza na daktari. Ila sasa nimeingiwa na hofu, maana Baraka anavaa miwani tangu kidato cha pili. Je, safari yake imeishia hapo?

Mkufunzi wa Wilson

Haijaishia hapo, mama. Kipimo kinakubali miwani, ilimradi akiivaa kila jicho peke yake lifikie 6/9, yaani lisome kwa mita sita kile ambacho jicho zima husoma kwa mita tisa, au zaidi na yote mawili kwa pamoja yafikie 6/6. Watampima pia uwezo wa kutofautisha rangi, kwa kuwa taa za uwanja na za ndege nyingine usiku husomwa kwa rangi, na tatizo la hapo miwani haiwezi kulirekebisha. Akifaulu, cheti chake kitaandikwa kwamba lazima aruke akiwa na miwani, na kila safari awe na nyingine ya akiba karibu na mkono.