Kisu cha Wamoro chenye sarafu ya 1944: ni cha vita kweli?

Mtanga_Ughaibuni: Wakuu habari. Niko Seattle, nalea wazee majumbani. Mzee mmoja niliyemhudumia alifariki mwaka jana, bintiye akanipa kisu kama kumbukumbu. Anasema baba yake alirudi nacho kutoka Mindanao, Ufilipino, 1945. Kina mawimbi saba, makali pande zote mbili. Mpini ni mti mweusi tii, ala ya mbao imekazwa kwa mikanda ya madini meupe. Kwenye kitako cha mpini imepachikwa sarafu ya Marekani, 1944. Jamaa mmoja kaniambia hivi ni vya watalii. Nitajuaje?

FundiVyuma: Hicho kinaitwa gunong, mdogo wake kris, ule upanga wa Wamoro. Wamaranao na Wamaguindanao, makabila ya Wamoro, yaani Waislamu wa kusini mwa Ufilipino, walikichomeka kiunoni. Na usidanganywe na mawimbi, watu wakiyaona tu wanasema "cha kale". Gunong za karne ya 19 mara nyingi zimenyooka na zina makali upande mmoja. Hizi za mawimbi zilishamiri karne ya 20, na askari wa Marekani walizinunua sana.

Bi_Sarafu: Hebu soma tena hiyo sarafu, mdogo wangu. Kuna tai juu ya ngao? Na kaherufi karibu na mwaka?

Mtanga_Ughaibuni: Tai yupo, dada. Herufi ni D.

Bi_Sarafu: Basi ni ya Ufilipino. Walikuwa chini ya Marekani mpaka 1946, kwa hiyo upande mmoja uliandikwa jina la Marekani na ule uliofichwa umeandikwa FILIPINAS. D ni Denver, ndiko ilikogongwa. Imetoka Denver ikaenda Mindanao, sasa iko kwako Seattle!

Mzee_Kijiwe: Hapo utamu umekuja. Mwaka 1944 Wajapani ndio walioshika Mindanao, na MacArthur, jenerali wa Marekani, alitua kisiwa cha Leyte, Ufilipino, Oktoba mwaka huohuo. Wamarekani walifika Zamboanga, hukohuko Mindanao, Machi 1945. Pesa hiyo isingefika kwa mhunzi kabla ya wao kurudi.

FundiVyuma: Kwa hiyo mzee hakudanganya.

Mzee_Kijiwe: Taratibu. Sarafu inakwambia kisu si cha kabla ya 1944, basi. Hata mhunzi wa 1960 angeweza kuwa nayo kwenye kopo lake. Kinachoubeba mwaka 1945 ni maneno ya yule binti. Kama kuna barua au picha ya baba yake huko, omba nakala.

Kijana_wa_Gereji: Paka ndimu kwenye bapa uone kama chuma kina matabaka. Ukisugua na msasa kwanza inatoka vizuri zaidi.

FundiVyuma: Msasa?! Achana naye huyu. Matabaka utayatafuta kwenye kris za zamani. Cha miaka hiyo usishangae kuwa springi ya gari. Futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya mashine, na usikihifadhi ndani ya ala, mbao inashika unyevu.

Mtanga_Ughaibuni: Nataka kukipeleka Tanga kwa mama.

Bi_Sarafu: Kiende kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege, si la mkononi, na uulize shirika la ndege na forodha kabla hujakata tiketi. Bahati yako mpini ni mti. Ungekuwa pembe ya ndovu ningekwambia kiache hukohuko.

Mtanga_Ughaibuni: Asanteni sana. Nimepima sarafu, milimita 21.

Bi_Sarafu: Sentavo 20, yaani senti 20 za Ufilipino, na ni madini ya fedha hiyo. Usiing'oe.